Kabla ya kuulilia moto wa Nalanda, ulizeni nani aliilisha

Kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja imezagaa video moja, na bila shaka na nyinyi mmeshatumiwa. Miali ya moto iliyotengenezwa kwa kompyuta, ngoma za vita, sauti nzito inayosimulia: hapa palikuwa na chuo kikuu cha kwanza duniani, Nalanda, nchini India, kilikuwa na vitabu milioni 9, akaja Bakhtiyar Khalji, kamanda wa Kituruki, Muislamu, akavitia moto, vikawaka miezi mitatu. Hadithi imekwisha. Kufikia alasiri kundi lilikuwa limepasuka. Hawa wanaitukana dini ya wenzao. Wale, ambao ni wa dini yangu, wanaapa kwamba hakuna lililotokea na kwamba yote ni uzushi wa Wahindi.

Nimefundisha historia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na ugomvi ule uliniuma. Nalanda, nyumba ya watawa wa Kibudha na ya elimu, ilifanya kazi karibu miaka 700. Watu walikwenda pale kutoka China, wakipita majangwa na milima ya theluji, ili wakae mbele ya mwalimu. Sisi tunachokijua juu yake, na tunachokitoleana macho, ni namna ilivyokufa tu. Na hata hilo tumelijua vibaya.

Nianze na ndugu zangu Waislamu, maana kwao nina haki ya kusema kwa ukali. Uvamizi ulikuwepo. Aliyetuambia ni Minhaj-i-Siraj, kadhi na mwanahistoria Muislamu aliyeandika kwa Kiajemi huko Delhi karibu mwaka 1260. Alikutana na askari aliyekuwa vitani siku ile, mmoja wa ndugu wawili wenye asili ya Farghana, akamsimulia kila kitu. Wapanda farasi 200 walilivamia lango la ngome huko Bihar, mashariki mwa India. Wengi wa waliokuwamo walikuwa wamenyoa vichwa, wakauawa wote. Ndani yakapatikana maandishi mengi, wakatafuta mtu wa kuwaeleza yanasema nini, wasimpate, kwa sababu hakubaki hata mmoja. Hapo ndipo walipotambua kwamba mahali pote pale palikuwa madrasa. Irudieni kuisoma habari hiyo kabla hamjaandika neno uzushi. Waliouawa walikuwa wanafunzi na walimu, na mimi sitaki dini yangu itetewe kwa kuwafuta watu hao.

Na nyinyi mnaoshangilia video, nanyi nisikilizeni. Minhaj hakuitaja Nalanda popote katika kisa hicho. Wanahistoria wengi wanaona ngome ile ilikuwa Odantapuri, nyumba nyingine ya watawa iliyokuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Hakutaja vitabu kuchomwa. Yale majina matamu ya maktaba, Ratnasagara, Ratnodadhi na Ratnaranjaka, pamoja na jengo la ghorofa 9, yanatoka kwenye masimulizi ya Kitibeti yaliyoandikwa karne nyingi baadaye, na humo waliowasha moto ni ombaomba wawili waliomwagiwa maji machafu na watawa vijana. Vitabu milioni 9 hakuna msafiri wa zama zile aliyevihesabu. Habari ya Aryabhata, yule mwanahisabati wa kale wa India, kuwa mkuu wa chuo nayo haina maandishi ya wakati wake yanayoithibitisha.

Nalanda yenyewe iliguswa, hilo nalikubali kwa shingo upande. Mtibeti mmoja nitakayemtaja hapa chini aliyaona majengo yaliyobomolewa akasema ni kazi ya Waturuki. Sawa. Lakini watu wa moto wana swali moja ambalo hawajalijibu: mbona Nalanda ilikuwa imeshaungua zamani na haikufa?

Ushahidi upo, umechongwa kwenye jiwe la mlango. Katika mwaka wa 11 wa utawala wa Mahipala wa Kwanza, yaani karibu mwaka 1000, miaka mia mbili kabla ya Bakhtiyar, mtu mmoja aitwaye Baladitya, mwenyeji wa Telhara, aliandika kwamba amelijenga upya jengo lililoungua. Akamaliza kazi, akaweka jina lake, masomo yakaendelea. Hekalu kubwa la Nalanda, lile la ngazi ndefu mnaloliona kwenye picha, wachimbaji walikuta limeongezwa na kujengwa juu ya lenyewe mara 7. Mahali pale pamebomoka, pameungua na pamechakaa mara nyingi, na kila mara palikuwa na mkono wa kupainua. Kwa nini safari ya mwisho mkono haukutokea? Hapo ndipo palipo na historia, na hapo video hazifiki.

Nalanda ilianzishwa karne ya 5, chini ya wafalme wa Gupta, na mfalme anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Kumaragupta wa Kwanza. Mfalme hakuishia kujenga kuta. Zilitengwa ardhi. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyefika katika miaka ya 630, alikuta mapato ya vijiji kama 100 yamepewa Nalanda, na katika vijiji hivyo kaya 200 zilipeleka kila siku mchele, siagi na maziwa. Alipofika Mchina mwingine, Yijing, katika miaka ya 670, ardhi ya Nalanda ilikuwa ya vijiji zaidi ya 200. Yijing alihesabu watawa zaidi ya 3,000 na vyumba 300. Huili, mwanafunzi aliyeandika maisha ya Xuanzang, anasema wenyeji na wageni walifika 10,000. Mimi namwamini zaidi Yijing, aliyekaa pale karibu miaka 10 na hakuwa na shujaa wa kumkuza.

Lakini Huili huyohuyo ameandika jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila wizara ya elimu. Baada ya kutaja vijiji na mchele na maziwa, anaeleza kwamba kwa kuwa wanafunzi walishiba na hawakulazimika kwenda kuomba, ndiyo sababu elimu yao ilifikia ukamilifu. Ameandika hivyo wazi, katika karne ya 7. Hakusema walikuwa na akili kuliko watu wengine wala kwamba miungu iliwapenda. Alisema walikula.

Na walikula vizuri. Xuanzang, kwa heshima aliyopewa, kila siku alipokea matunda 120 ya jambira, popoo 20, kungumanga 20, karafumaiti, na kibaba cha mchele wa pekee wa nchi ya Magadha, ilipokuwa Nalanda, punje zake nene na harufu yake inanukia mbali. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana ni kama bibi yangu ndiye aliyekuwa akimwandalia mgeni.

Kisha kuna lile bamba la shaba. Lilifukuliwa Nalanda mwaka 1921, nalo ni la karne ya 9, zama za mfalme Devapala wa ukoo wa Pala. Linasema kwamba Balaputradeva, mfalme wa Suvarnadvipa, ng'ambo ya bahari, upande wa Sumatra, amejenga nyumba ya watawa Nalanda, na ametuma mjumbe kumwomba Devapala atoe vijiji vya kuitunza. Devapala akatoa vijiji 5. Na hati inataja matumizi moja baada ya jingine: sadaka, chakula, mavazi, malazi, dawa za wagonjwa, uandishi wa vitabu vya dini, na matengenezo ya nyumba itakapobomoka na kupata nyufa. Mnaona? Siku jengo linafunguliwa, likiwa jipya kabisa, walishaandika fedha za kulikarabati zitatoka kijiji gani. Aliyetoa ni mgeni wa mbali ambaye hakuna anayejua kama alipata kuliona jengo lake kwa macho.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, maana hiyo ni wakfu. Kijijini kwetu kulikuwa na chuo cha Kurani kilichoishi kwa shamba la minazi. Mwenye shamba aliliweka wakfu kabla ya kufariki: nazi ziuzwe, zinunue mikeka, mafuta ya taa, juzuu za watoto, na mwalimu apate chakula na kanzu ya Idi. Mimi nimesoma pale. Usimamizi ulipoingia mikono mingine, shamba liliuzwa kipande baada ya kipande, kimyakimya, na hati haijulikani ilipo. Hakuna aliyekuja na kiberiti. Mwalimu alihamia mjini kutafuta riziki, watoto wakatawanyika, mvua za masika zikamaliza ukuta. Leo ukiwauliza vijana wa pale, hawajui kwamba palikuwa na chuo. Kifo cha namna hiyo hakitengenezewi video.

Turudi Nalanda, maana chakula peke yake hakitoi wasomi, na sitaki nionekane nasema hivyo. Mlangoni palikuwa na bawabu, na bawabu huyo alikuwa msomi. Mgeni aliyetaka kuingia kujadiliana na wenyeji aliulizwa maswali magumu palepale, na kati ya 10, saba au wanane walirudishwa. Xuanzang anasifu kwamba mchana kutwa watu walikuwa wakibishana, wakubwa na wadogo wakirekebishana, na Huili anaongeza kwamba kila siku yalitolewa mafundisho kama 100 katika kumbi mbalimbali. Masomo yenyewe hayakuwa ya madhehebu ya nyumba ile tu. Walisoma maandiko ya makundi yote 18 ya Kibudha, yakiwemo waliyoyapinga. Walisoma Veda, maandiko ya Wahindu, ambazo si za Wabudha hata kidogo. Walisoma mantiki, sarufi, tiba na falsafa ya Samkhya. Ilibidi umjue mpinzani wako kuliko anavyojijua, maana siku ya mjadala mfalme angeweza kuwapo, na aliyeshindwa alishindwa mbele ya watu.

Mkuu wa chuo wakati Xuanzang alipofika alikuwa Silabhadra, mzee sana, mzaliwa wa Samatata huko Bengal. Huili anaeleza kwamba waliomudu kufafanua mikusanyo 20 ya maandiko walikuwa 1,000, waliomudu 30 walikuwa 500, waliomudu 50 walikuwa 10 tu akiwemo Xuanzang, na aliyeyamaliza yote alikuwa Silabhadra peke yake. Idadi zimeviringwa mno, nakubali. Lakini angalieni kipimo walichochagua kumpimia mtu.

Yijing ametuachia mambo madogo ninayoyapenda kuliko hayo. Kulikuwa na mabwawa makubwa zaidi ya 10, na asubuhi ikipigwa kengele ya kuoga watawa walitoka kwa mamia, kila mmoja na shuka yake, kwenda kila upande. Saa yao ilikuwa ya maji: bakuli la shaba lenye tundu dogo, linaelea ndani ya chombo kikubwa, likijaa linazama, na hapo inapigwa ngoma. Wafalme waliwapa watawa vyombo hivyo, pamoja na watumishi wa kuvilinda. Hata wakati ulikuwa na fungu lake la matunzo.

Kuna jambo linalonisumbua na siwezi kulipita. Kaya zile 200 ziliulizwa? Mkulima wa Magadha aliyebeba siagi kila siku hakuandika kitabu. Wanawake wa vijiji vile hawakulala katika vyumba 300. Elimu ile ilikuwa ya wanaume wachache walionyoa vichwa, wakilishwa na wengi ambao lango lile halikuwa lao. Tena kuna wanaosema hilo ndilo lililoiponza: watawa waliposhiba kwa mfalme, hawakuhitaji tena kuzunguka na bakuli vijijini, na watu wa kawaida wakawasahau. Hoja hiyo ina uzito. Mfalme akianguka, unabaki na nani?

Na wafalme walianguka. Ukoo wa Pala, uliokuwa mlezi wa Nalanda na wa nyumba nyingine za watawa, Vikramashila na Somapura, ulidhoofika na kuzimika katika karne ya 12. Waliofuata, Wasena, moyo wao ulikuwa kwa Mabrahmani, makuhani wa Kihindu. Bakhtiyar alipofika karibu mwaka 1200 aliikuta nyumba ambayo mlezi wake ameshazikwa. Wanazuoni walianza kuondoka na walichoweza kubeba. Shakyashribhadra wa Kashmir aliingia Tibet mwaka 1204 na akafundisha huko miaka kadhaa.

Sasa sikilizeni habari ya huyo Mtibeti, maana yeye ndiye anayeivunja video nzima. Anaitwa Dharmasvamin. Alifika Nalanda karibu mwaka 1235, zaidi ya miaka 30 baada ya moto unaosemwa kuwa ulimaliza kila kitu. Alikuta nini? Majengo mengi yameharibiwa, mawili tu yanatumika. Na ndani alimkuta mwalimu, Rahulasribhadra, amepita miaka 90, anafundisha sarufi ya Kisanskriti kwa wanafunzi kama 70.

Sabini! Hapana maktaba ya ghorofa 9, hapana mfalme, hapana vijiji 200. Kikosi cha Waturuki kimekaa Odantapuri, pua na mdomo, na mzee wa miaka 90 anasahihisha sarufi. Waliishije? Dharmasvamin anatuambia: palikuwa na muumini mmoja mwenye uwezo, Brahmani aitwaye Jayadeva, ndiye aliyekuwa akiwatunza. Mtu mmoja alikuwa amesimama mahali pa vijiji 200. Na ni Brahmani, si mtawa wa Kibudha, nawaomba wale wanaopenda kugawa watu kwa dini walitazame hilo kwa utulivu.

Kisha Jayadeva akakamatwa na mkuu wa kikosi. Kutoka kifungoni akafanikiwa kupeleka ujumbe: mwambieni mwalimu na wanafunzi wakimbie, wanakuja kuwaua. Wanafunzi walikimbia. Mzee alimwambia Dharmasvamin naye aende, yeye hawezi kukimbia na umri ule. Dharmasvamin akakataa, akambeba mabegani, akampeleka kwenye hekalu dogo lililokuwa pembeni. Askari kama 300 wakaja, wakapekua, hawakuwaona, wakaondoka. Dharmasvamin akabaki hadi alipomaliza masomo, ndipo mwalimu akamtaka arudi kwao.

Nikisoma hapo sielewi mtu anawezaje kuniambia Nalanda iliisha kwa moto. Kilichokuwa mabegani kwa yule Mtibeti kilikuwa Nalanda. Iliendelea baada ya majengo kubomolewa, baada ya watawa kuuawa na wengine kuhama, kwa kadiri palipokuwa na mtu mmoja wa kuleta mchele. Tatizo ni kwamba alikuwa mmoja.

Kuhusu vitabu niseme kidogo tu. Xuanzang alirudi Chang'an, mji mkuu wa China wakati huo, mwaka 645 na maandiko 657 yaliyobebwa na farasi 20. Wakati anavuka mto Indus dhoruba ilimwangushia majini nakala kama 50. Mwaka 654 aliwaandikia barua wenzake wa India, akiomboleza kifo cha Silabhadra, na akaambatanisha orodha ya yale yaliyozama ili anakiliwe tena. Alitafsiri kazi 75 hadi alipofariki mwaka 664. Yijing naye alirudi na takriban maandiko 400. Watibeti walichukua na kutafsiri kwa karne nyingi, na yapo mengi ambayo asili yake ya Kisanskriti imepotea lakini tafsiri ya Kitibeti au ya Kichina ipo hadi leo. Hata nakala zilizoandikwa Nalanda penyewe, kwenye majani makavu ya jamii ya mvumo, na picha ndogo za rangi ubavuni, zipo Oxford na New York. Vilivyookoka ni vile ambavyo mtu alikuwa ameshavinakili na kuvitoa, na wanaotaka kuokoa maandiko ya mababu zetu yanayoliwa na mchwa kwenye makasha walijue hilo leo, si kesho.

Leo magofu yako kwenye orodha ya urithi wa dunia, tangu mwaka 2016. Karibu na hapo, Rajgir, kuna chuo kikuu kipya chenye jina lile lile, kilichoanza kufundisha mwaka 2014 na kuzinduliwa majengo mapya Juni 2024. Nakitakia heri kwa moyo wote. Ila hotuba za uzinduzi wake nazo zilijaa moto wa kale.

Kwenye kundi letu niliyaandika haya kwa ufupi. Kijana mmoja, mwerevu, akaniuliza: kwa hiyo mwalimu, wa kulaumiwa nani? Nimemjibu kwamba Bakhtiyar na watu wake wanalaumika kwa damu waliyomwaga, na hilo halina mjadala. Lakini anayetaka kujua kwa nini hakutokea Baladitya mwingine, aanze na lile bamba la shaba. Majina ya vijiji 5 yamo: Nandivanaka, Manivataka, Natika na Hastigrama upande wa Rajagriha, na Palamaka upande wa Gaya. Watawala wapya walikuwa na desturi ya kuwagawia makamanda wao mapato ya ardhi iliyotekwa, na Bakhtiyar mwenyewe alipanda cheo kwa kugawiwa namna hiyo. Basi afuatilie: mwaka ule baada ya kuvuna, mchele wa Nandivanaka ulipelekwa ghala la nani?